Hebaria na Historia ya Majina ya Mimea katika Kiswahili

Historia ya leksikografia ya Kiswahili imezoeleka kuelezwa kana kwamba kamusi huzaliwa na kamusi zilizoitangulia. Kwa upande wa majina ya mimea, chimbuko jingine limo katika makabati ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Humo tawi lenye majani na maua hubanwa, hukaushwa na kubandikwa juu ya karatasi ngumu, kisha huwekewa lebo yenye jina la mkusanyaji, mahali, tarehe na, pengine, jina ambalo wenyeji huuita mmea huo.

Katika Afrika Mashariki kazi hiyo ilistawi Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902. Sampuli nyingi za enzi hiyo zilipelekwa Berlin, na sehemu kubwa iliteketea hebaria ya huko ilipopigwa mabomu mwaka 1943. Hebaria ya Amani yenyewe ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kabla ya hapo, P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea wa Amani, alikuwa amekwisha kutunga kamusi iliyolinganisha majina ya Kiswahili na ya kisayansi. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikusanya hebaria yake, ambayo wanasayansi huitambua kwa herufi DSM.

Manufaa ya hifadhi hizo kwa lugha ni dhahiri. Jina la kisayansi hubadilika: mvule uliitwa Chlorophora excelsa, na sasa huitwa Milicia excelsa. Jina la Kiswahili nalo huweza kubeba miti miwili. Mwarobaini ni Azadirachta indica, lakini baadhi ya wasemaji huuita hivyo pia Melia azedarach, mti ambao matunda yake ni sumu kwa binadamu. Kamusi inayosema tu kwamba mwarobaini ni mti wa dawa haimkingi msomaji na hatari hiyo. Sampuli yenye jina na mahali ilipochumwa ndiyo huonyesha mti upi ulikusudiwa, na nani.

Kwa hiyo lebo isiyo na jina la wenyeji ni hasara kwa isimu pia. Mmea waweza kuchumwa tena; mzee aliyelijua jina lake huenda hayupo.