Marealle Yupi?

Japani kuna akina Suzuki wengi mno, na wengi wao hawana undugu wowote. Sheria ya 1875 ilimlazimisha kila raia awe na jina la ukoo. Uchagani si hivyo. Hapa Shirimatunda ukitaja jina Marealle barazani, mzee mmoja atamkumbuka Mangi Mkuu, mwingine ataikumbuka kamba ya Meli.

Kamba hiyo ilikuwa ya Wajerumani. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na wenzake, na wanahistoria wanamtaja Mangi Marealle wa Marangu miongoni mwa waliowapelekea maneno. Ndiye huyo aliyempokea Hans Meyer, yule aliyefika kileleni 1889. Mwaka 1904 yeye mwenyewe alikimbilia kwa Waingereza, Kenya.

Sasa mjukuu wake, Thomas, anadaiwa nini? Wachagga walimchagua kuwa Mangi Mkuu, akasimikwa 1952. Mwaka 1957 alisema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Wachagga haohao wakapiga kura 1960, cheo kikafutwa. (Wengine hawakunyongwa wala kukimbia, walishindwa kwa kura tu.)

Anayesahauliwa ni Petro Itosi Marealle, Mwitori wa Vunjo. Kitabu chake cha 1947, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilihifadhi mila kwa Kiswahili. Nikiulizwa Marealle yupi, humtaja huyu kwanza.