Urithi wa Kihistoria na Kiutamaduni wa Nachingwea na Ruangwa

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, hutajwa zaidi kwa korosho, ufuta na madini ya kinywe. Pamoja na rasilimali hizo, wilaya hizi zina urithi wa kihistoria na kiutamaduni wenye thamani kwa Taifa na kwa Bara la Afrika. Ruangwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea kabla ya kuwa wilaya inayojitegemea mwaka 1995, hivyo sehemu kubwa ya historia yake ni ya pamoja.

Mradi wa karanga

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa kilimo cha karanga Tanganyika ili kukabili uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu ya mradi huo, pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ilifyekwa, kiwanja cha ndege kikajengwa, na reli ikaunganisha Nachingwea na pwani. Mradi ulisitishwa mwaka 1951 baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36. Reli hiyo nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Farm 17

Mashamba ya mradi yalitambulishwa kwa namba, na moja kati ya hayo, Farm 17, lilipata historia nyingine. Baada ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuunda Kamati ya Ukombozi mwaka 1963 na kuiweka makao yake makuu Dar es Salaam, Tanzania iliwapokea wapigania uhuru kutoka nchi za kusini mwa Afrika. Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya kijeshi ya FRELIMO ya Msumbiji.

Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji huru, aliongoza mafunzo katika kambi hiyo. Wakufunzi kutoka China walishiriki kuwafundisha wapiganaji, na mwaka 1967 kikosi cha wanawake wa FRELIMO kilipata mafunzo hapo. Wapiganaji walilima chakula chao wenyewe na kuishi jirani na wananchi hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni, 1975.

Utamaduni

Wamwera ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya wilaya hizi, wakiishi pamoja na Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wangindo. Mila za jando na unyago, pamoja na ngoma zake, bado zina nafasi katika maisha ya jamii, na kwa kawaida hufanyika baada ya mavuno, chakula kinapokuwa cha kutosha.

Hifadhi ya urithi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na magofu yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa msingi huo, magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyomo katika mkoa huohuo wa Lindi na katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, yanalindwa na sheria kutokana na umri wake pekee.

Hali ni tofauti kwa mabaki ya mradi wa karanga na ya harakati za ukombozi, kwa kuwa ni ya karne ya 20. Eneo la aina hiyo hupata ulinzi wa sheria hiyo pale tu Waziri mwenye dhamana anapolitangaza rasmi. Eneo ambalo halijatangazwa linaweza kupoteza jengo, handaki au kaburi kwa shughuli za kawaida za kilimo na ujenzi, bila mtu yeyote kuvunja sheria hiyo.

Kwa sababu hiyo, ushiriki wa wananchi ni muhimu. Wazee waliowafahamu wapiganaji hao wanazidi kupungua, na wao ndio wanaoweza kuonyesha mahali palipokuwa na bweni, kisima au uwanja wa gwaride. Mwananchi anayefahamu eneo au kifaa cha kihistoria anahimizwa kukiacha mahali kilipo na kutoa taarifa kwa ofisi ya kijiji, kata au Halmashauri, ili wataalamu wa mambo ya kale wakitambue na kukiwekea kumbukumbu kabla hakijatoweka.