Uvira: kutoka RECO mpaka infirmie, njia iko namna gani

Katika mitaa ya Uvira, mara nyingi wa kwanza kujua kwamba kipindupindu kimerudi si daktari. Ni RECO, jirani aliyechaguliwa na watu wa mtaa awe daraja kati yao na kituo cha afya. Anapita nyumba kwa nyumba, anaonyesha akina mama namna ya kuchanganya pakiti ya serumu ya kunywa katika litre moja ya maji safi. Ugonjwa ukizidi, kuna wanaokaa pale watu wanapochota maji ya ziwa, wakitia klori katika kila bidoni. Mwaka 2020 kazi hiyo ilionekana wazi: mwezi wa 4 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba na kuharibu mitambo ya maji ya REGIDESO.

RECO hana mshahara. Anajitolea, na pengine anapata posho kidogo siku za kampeni ya chanjo. Katika vijiji vya mbali na kituo, kuna ma-RECO waliofundishwa kutibu malaria, kuhara na nimonia kwa watoto wasiofikisha miaka 5. Ni kazi kubwa kweli, lakini hata mtu akiifanya miaka kumi, haigeuki diploma.

Mwenye kutaka kuwa infirmie lazima apite shule. ITM, ambayo ni ya sekondari, inatoa A2. Mwenye diploma ya serikali anaweza kuingia ISTM, kama ile ya Bukavu, kwa masomo ya juu. Huko ISTM si uinfirmie tu. Wengine wanasomea maabara, wengine ukunga. Kabla ya kulipa minervali, mzazi aulize ku zone ya afya kama hiyo shule inatambuliwa na serikali. Diploma peke yake pia haitoshi: tangu sheria ya mwaka 2016, infirmie anatakiwa kuandikishwa katika Oda ya Ma-infirmie.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi wanalijua wakati shamba limekwisha kuuzwa. Kupata kazi si kupata mshahara. Wengi wanafanya miaka bila matrikule ya serikali, wakigawana kile wagonjwa wanacholipa. Mwezi ambao wagonjwa hawana pesa, muganga naye hana.

Hata hivyo, kazi ya pembeni inaweza kumwonyesha mtu njia yake. Denis Mukwege, aliyepata Nobel ya Amani mwaka 2018, alisomea udaktari Bujumbura, akaanza kazi ku hospitali ya Lemera, katika milima inayotazama bonde la Ruzizi. Alikuwa anafikiria kutibu watoto. Pale Lemera aliona wanawake wakifika wamechelewa, wengine wakifa kwa uzazi, akaenda Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake.

Kwa kijana asiye na pesa ya shule leo, mlango ulio karibu ni infirmie titileri wa kituo cha mtaa wake, pamoja na CODESA, kamati ya watu inayofuatilia kituo hicho. Hao ndio wanajua ni avenyu gani haina RECO.