Roger Casement, konsuli aliyeandika mateso ya mpira Kongo

Roger Casement alizaliwa mwaka wa 1864 karibu na Dublin, Ireland, wakati ile inchi ilikuwa chini ya Uingereza. Alifika Kongo akiwa kijana, miaka ya 1880, na akatumika na watu wa Mfalme Léopold II.

Baadaye serikali ya Uingereza ilimuajiri. Mwaka wa 1895 alikuwa konsuli Lourenço Marques (leo Maputo), kisha Luanda. Mwaka wa 1900 akapewa kazi ya Kongo, ofisi ikiwa Boma.

Mwezi wa tano 1903, Bunge la Uingereza liliomba serikali ifuatilie habari za mateso Kongo. Casement akapanda mto. Hakutaka masua ya serikali ya Léopold. Alikodi ya wamisionari, Henry Reed, ili asikie wakaaji bila kuongozwa na mtu.

Wakaaji walimueleza kama wanalazimishwa kuleta mpira wa porini. Kiasi kikipunguka, walipigwa fimbo, wanawake walifungwa, wengine waliuawa ao walikatwa mikono. Bolobo, aliandika, zamani palikuwa na watu kama 40.000. Sasa walibakia 7.000 ao 8.000. Alitaja pia ugonjwa wa usingizi kuwa sababu moja.

Ripoti ilichapishwa mwezi wa pili 1904. Lakini wakubwa wake London walikuwa wamefuta majina ya watu na ya vijiji, wakaweka herufi. Casement alikasirika sana: ushahidi usio na jina wala mahali ni rahisi kukanushwa. Hata hivyo, tume ya Léopold mwenyewe ilihakikisha mengi mwaka wa 1905. Tarehe 15/11/1908 Kongo ikawa koloni ya Ubelgiji, lakini kazi ya lazima haikuisha siku ile.

Casement alichunguza pia mateso ya mpira Putumayo, Amazonia, mwaka wa 1910. Aliacha kazi mwaka wa 1913, akatafuta silaha Ujerumani kwa ajili ya uhuru wa Ireland. Uingereza ilimnyonga London tarehe 3/8/1916. Mwaka wa 1965 mifupa yake ilirudishwa Dublin.

Hakufika Kivu katika ile safari. Alizunguka upande wa Équateur. Ripoti inabeba jina lake, lakini nguvu yake ilitoka kwa wakaaji waliokubali kusema mbele ya hatari. Katika ile iliyochapishwa 1904, wengi wao walibakia herufi tu.