Pareto, D.D.T. na Mishipa ya Fahamu ya Wadudu

Mdudu ni kiumbe mdogo, lakini tangu zamani amekuwa adui mkubwa wa mwanadamu. Nzige humaliza mimea shambani, fukusi hutoboa nafaka ghalani, na mbu huwaletea watu malaria. Katika silaha tulizopata kupigana naye, zilizosifiwa sana ni sumu zinazopiga mishipa ya fahamu. Yafaa sisi wa Kenya tuijue historia yake, kwa kuwa moja ya sumu hizo huota katika mashamba yetu.

Sumu hiyo hutoka katika ua la pareto. Asili yake ni Dalmatia, kwenye pwani ya Bahari ya Adriatiki, ambako watu walisaga maua makavu wakapata unga wa kuulia viroboto na kunguni. Mmea huu uliletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ukastawi katika nyanda za juu zenye baridi, kama vile Molo na Kinangop. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, pareto ya Japani ilipokosekana, Kenya ikawa mzalishaji mkuu. Mashamba ya kwanza yalikuwa ya walowezi. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakulima Waafrika wengi walipata nafasi ya kuipanda.

Je, ua zuri kama hilo huuaje? Mishipa ya fahamu hupeleka amri mwilini kwa nguvu iliyo kama umeme. Katika ukuta wa mshipa mna vilango vidogo sana, ambavyo chembe za sodiamu hupitia. Vilango hivyo hufunguka na kufungwa mara moja. Sumu ya pareto huvizuia visifungwe. Hapo mshipa hupeleka amri mfululizo pasipo kukoma. Mdudu hutetemeka, huanguka chali, hupooza, na mwisho hufa. Lakini sumu hii haidumu, kwa maana mwanga wa jua huiharibu upesi.

Watu wakatamani sumu idumuyo, nao wakaipata. D.D.T. ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874 na Othmar Zeidler, ila hakuna aliyejua kazi yake mpaka mwaka 1939, Paul Müller wa Uswisi alipogundua kwamba huua wadudu. Nayo pia huvizuia vilango vile vile visifungwe. Katika majira ya baridi ya 1943 na 1944, watu zaidi ya milioni moja wa mji wa Naples, Italia, walinyunyiziwa unga wa kuulia chawa, na homa kali ya chawa ikazuiwa. Mwaka 1948 Müller alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Kabla ya mwaka 1950 nzi wa nyumbani walikwisha kuonekana ambao D.D.T. haikuwaua tena. Tena sumu ile ilikaa ardhini miaka mingi, ikaingia katika miili ya samaki na ndege, hata maganda ya mayai ya tai yakawa membamba. Rachel Carson aliwaonya Wamarekani kwa kitabu chake cha mwaka 1962, na mwaka 1972 Marekani ikakataza D.D.T. itumike mashambani. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiruhusu kwa kupigana na wadudu waenezao magonjwa tu.

Wakati huo huo, wataalamu walitengeneza sumu za kuiga pareto zisizoharibiwa upesi na jua. Ndizo zilizotiwa katika vyandarua, nazo zimeokoa watoto wengi. Hata hivyo, mwaka 2000 ilitangazwa kwamba mbu wengine wa Kenya walikuwa na vilango vilivyogeuka umbo, hata D.D.T. na sumu hizo mpya zisiweze kuvishika vizuri. Adui aliyejifunza kuikwepa silaha moja alikuwa ameikwepa na ya pili, kwa kuwa zote mbili zilipiga mahali pamoja.

Leo wataalamu wanachunguza chembe za nano, ambazo upana wake hupimwa kwa sehemu za meta moja iliyogawanywa mara milioni elfu. Nyingine hutengenezwa ili zibebe sumu mpaka ndani ya mwili wa mdudu. Chembe za fedha za namna hiyo zimejaribiwa kwa inzi wa matunda, zikaonekana kuwadhuru.

Silaha mpya zisikataliwe kwa woga, wala zisipokewe kwa shangwe tupu. Nyuki achavushaye maua yetu naye ana mishipa ya fahamu kama mbu, na sumu haiulizi nani rafiki na nani adui. Basi, vijana, mkiletewa dawa mpya, msiulize tu kama yaua. Ulizeni yaua nani, yadumu muda gani, na mdudu atakayesalia atakuwa wa namna gani.