Upasuaji wa marudio wa ligamenti ya goti: kwa nini goti lililotengenezwa huchanika tena

Mchezaji wa ndondo anageuka ghafla na mpira, hakuna aliyemgusa, unasikika mlio kama wa kijiti kinachovunjika, naye anaanguka akiwa ameshika goti. Tukio hili linafahamika katika viwanja vya Igowole, Nyololo na Kibao. Kisichozungumzwa sana ni kinachotokea mwaka mmoja au miwili baadaye, pale mtu aliyekwisha kufanyiwa upasuaji anaporudi uwanjani na goti lilelile likaachia tena. Katika makala haya tunaeleza kwa nini hutokea, madaktari hufanya nini safari ya pili, na mgonjwa afanye nini ili asifike huko.

Ligamenti gani huchanika?

Ligamenti ni mkanda mgumu unaofunga mfupa na mfupa. Mtaani wengi huuita mshipa wa goti, ingawa si mshipa wa damu. Ndani ya goti ipo mikanda miwili inayopishana kama herufi X. Ule wa mbele, ambao madaktari huuita ACL, huzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele na kulifanya goti litulie mtu anapogeuka. Ndio unaochanika zaidi michezoni, hasa wakati wa kutua kutoka hewani, kufunga breki ghafla au kubadili mwelekeo. Katika ajali za bodaboda, ligamenti zaidi ya moja zinaweza kuchanika kwa pamoja.

Ligamenti hii ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi vizuri yenyewe. Kuchua na kukanda kunaweza kupunguza maumivu kwa muda, lakini hakuunganishi mkanda uliokatika. Kwa hiyo daktari huweka mkanda mpya. Huchukua kipande cha kano, mara nyingi kutoka nyuma ya paja au chini ya kilegesambwa, yaani kile kifuniko cha mbele ya goti. Kisha hutoboa njia katika mfupa wa paja na wa muundi, hupitisha kipande hicho na kukikaza kwa skrubu au vishikizo vingine. Kazi hiyo hufanyika kwa matundu madogo na kamera.

Si kila aliyechanika ACL lazima apasuliwe. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia vijana na watu wazima 121 waliokuwa wakifanya michezo. Kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine likaanza na mazoezi tiba na kupasuliwa pale tu goti lilipoendelea kuachia. Baada ya miaka 5, karibu nusu ya kundi la pili walikuwa bado hawajafanyiwa upasuaji huo.

Je, upasuaji wa pili unaongezeka?

Nchi za Skandinavia zina madaftari ya kitaifa yanayomfuatilia kila aliyefanyiwa upasuaji huu. Norway ilianza mwaka 2004, Denmark na Sweden zikafuata mwaka 2005. Takwimu za Denmark zilionyesha kuwa takribani wagonjwa 4 katika kila 100 walirudi kupasuliwa goti hilohilo ndani ya miaka 5. Kwa waliokuwa chini ya miaka 20, idadi ilifika karibu 9 katika kila 100.

Umri basi una uzito mkubwa. Nchini Australia, kiwango cha upasuaji wa kwanza wa ACL kwa mwaka kilipanda kwa asilimia 43 kati ya mwaka 2000 na 2015, na kwa asilimia 74 kwa walio chini ya miaka 25. Wanaopasuliwa wakiwa vijana wakiongezeka, wanaorudi nao huongezeka, kwa sababu kijana ndiye anayerudi kwenye mchezo wa kugeuka na kukimbia.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa takribani watu 15 katika kila 100 waliopandikizwa ACL huumia tena. Karibu nusu yao huumia goti lilelile, na waliobaki huumia goti la upande wa pili. Kwa wanamichezo walio chini ya miaka 25 wanaorejea mchezoni, idadi hufika karibu mmoja katika kila wanne.

Wachezaji wakubwa hawakusalimika. Megan Rapinoe wa Marekani alichanika ACL ya goti la kushoto mwaka 2006, akachanika tena goti hilohilo mwaka 2007, na mwaka 2015 likawa goti la kulia. Hata hivyo, alirejea na kutwaa Kombe la Dunia la 2019. Éder Militão wa Real Madrid aliumia goti la kushoto Agosti 2023 na la kulia Novemba 2024. Tofauti na mchezaji wa mchangani ni kwamba wao wana daktari, mtaalamu wa mazoezi na mshahara kwa miezi yote ya kusubiri.

Kwa nini mkanda mpya huchanika?

Nchini Marekani, kundi la madaktari 83 lilifuatilia zaidi ya wagonjwa 1,200 waliofanyiwa upasuaji wa marudio. Walichokiona kinaweza kugawanywa katika sababu tatu.

Ya kwanza ni kuumia upya: kuanguka, kukwatuliwa au kugeuka vibaya.

Ya pili ni ufundi wa upasuaji wa kwanza, na kosa linalotajwa zaidi ni njia iliyotobolewa katika mfupa wa paja kukaa mahali pasipo sahihi. Mkanda ukipita mahali hapo hukazwa kupita kiasi au hulegea kila goti linapokunjwa, na baada ya muda huchoka.

Ya tatu ni mwili wenyewe, pale ambapo kipande kilichopandikizwa hakikushikana na mfupa au hakikupata uhai wa kutosha.

Mara nyingi sababu hizi huchanganyika. Mkanda uliowekwa pembeni kidogo unaweza kudumu kwa mtu anayetembea tu, lakini ukashindwa kwa beki anayerudi uwanjani mwezi wa sita.

Hapo ndipo muda unapoingia. Kano iliyopandikizwa haiwi ligamenti siku ileile. Katika miezi ya mwanzo hudhoofika kwanza huku mwili ukiijenga upya, na kazi hiyo huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi. Maumivu huisha mapema kuliko hapo, na hiyo ndiyo hatari yake: mtu hujiona amepona wakati mkanda bado ni mchanga. Utafiti wa Norway wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurejea mchezoni, hadi kufikia miezi 9, ulipunguza kuumia tena kwa takribani nusu. Mwaka huohuo, utafiti wa Doha nchini Qatar ulionyesha kuwa wachezaji waliorejea bila kutimiza vipimo vya nguvu na wepesi walikuwa katika hatari mara nne zaidi ya kuchanika tena.

Upasuaji wa pili una tofauti gani?

Daktari wa mara ya pili haanzi kwenye goti safi. Anakuta njia za zamani katika mifupa, skrubu, makovu, na mara nyingi gegedu lililoumia kwa sababu goti liliendelea kuachia. Kano iliyokwisha kuchukuliwa huwa haipo tena kwa matumizi, hivyo hutafutwa nyingine, labda ya mbele ya goti au ya mguu wa pili.

Kama njia za zamani zimepanuka sana, upasuaji huweza kugawanywa mara mbili. Kwanza huondolewa vishikizo na matundu kujazwa mfupa. Miezi kadhaa baadaye, mfupa ukishakomaa, ndipo mkanda mpya huwekwa. Kwa mkulima au mchuma chai, hiyo ni misimu ya kazi inayopita.

Mambo mawili yamebadilika katika miaka ya karibuni. Madaktari wengi sasa hupendelea kano ya mgonjwa mwenyewe kuliko ya marehemu aliyechangia. Utafiti uleule wa Marekani ulionyesha kuwa kwa upasuaji wa marudio, kano ya mgonjwa mwenyewe ilikuwa na uwezekano mdogo wa kuchanika, takribani mara 2.8. Pili, kwa vijana walio katika hatari kubwa huongezwa mshipi wa kuimarisha upande wa nje wa goti. Jaribio lililohusisha vijana 618 na kuchapishwa mwaka 2020 lilionyesha kuwa nyongeza hiyo katika upasuaji wa kwanza ilipunguza kuchanika kwa mkanda kutoka asilimia 11 hadi 4.

Matokeo ya upasuaji wa pili kwa kawaida huwa chini ya yale ya kwanza. Wengi hupata goti linalotulia kwa kazi na matembezi, lakini wanaorudi kwenye kiwango chao cha zamani cha mchezo ni wachache zaidi.

Kwa mgonjwa wa Igowole

Kwa utaratibu wa rufaa, mgonjwa huanzia kituo cha afya, huenda Mafinga, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayohudumia mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Kwa magoti magumu ipo pia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Safari hizo zina nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea, na mazoezi tiba huhitaji kurudi mara kwa mara. Ndiyo maana wengi huyaacha njiani.

Tunawashauri wasikilizaji wetu mambo yafuatayo:

- Tunza karatasi zote. Omba nakala ya taarifa ya upasuaji inayoeleza kano iliyotumika, upande ilikotoka na aina ya vishikizo. Hifadhi picha za eksirei na MRI. Daktari wa mara ya pili atazihitaji.
- Kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, omba mtaalamu wa fiziotherapia akuandikie mazoezi ya kila wiki yanayowezekana nyumbani: kunyoosha goti kikamilifu, kuinua mguu, kuchuchumaa kidogo kidogo, kupanda na kushuka kingo.
- Usirudi kwenye mpira kabla ya miezi 9, na usirudi kwa kalenda peke yake. Ruka kwa mguu mmoja na upime umbali kwa futi kamba. Mguu uliopasuliwa ufikie walau asilimia 90 ya mwenzake, kisha mtaalamu athibitishe.
- Goti likivimba au likiachia tena, acha mchezo na urudi hospitali. Kila linapoachia, gegedu linaweza kuzidi kuumia.
- Walimu wa timu, tumieni dakika 20 za mazoezi ya kupasha mwili yaliyoandaliwa na FIFA, yanayofundisha kutua, kugeuka na kuimarisha mapaja. Hayahitaji kifaa zaidi ya mpira. Wasichana wasiachwe nyuma, kwa kuwa hatari ya kuchanika ACL kwao ni kubwa kuliko kwa wavulana katika mchezo uleule.

Presha ya kurudi mapema mara nyingi hutoka kwa watu wanaompenda mchezaji: kocha mwenye fainali Jumapili, marafiki, hata nyumbani. Kumwambia kijana aliye mwezi wa sita kwamba timu itamsubiri kunaweza kumwepusha na safari ya pili ya hospitali.