Kutoka Mgawo wa Taifa hadi Ramani ya Shamba: Kahawa ya Bukonzo katika Mnyororo wa Thamani wa Dunia

Historia ya biashara ya kimataifa aghalabu huandikwa kwa kuhesabu shehena zinazotoka nchi moja kwenda nyingine. Kahawa ya arabika ya miteremko ya Rwenzori, katika ukanda wa Nyakiyumbu na Bwera, inaonyesha kuwa hesabu hiyo haitoshi tena. Katika miongo sita, kipimo cha biashara kimehama kutoka taifa hadi shamba la mkulima mmoja. Makala hii inadai kuwa suala kuu la kisera sasa ni umiliki wa taarifa zinazoambatana na gunia.

Chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 1962, nchi wazalishaji ziligawiwa viwango vya mauzo. Nchini Uganda, bodi ya serikali ilisimamia mauzo ya nje, na mnunuzi wa Ulaya hakulazimika kujua Bukonzo iko wapi. Julai 1989 mfumo wa mgawo ulivunjika na bei zikaporomoka. Mwaka 1991 Uganda ilianza kuwafungulia wafanyabiashara binafsi soko la nje na kuunda Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa ili kusimamia ubora.

Nafasi iliyoachwa na mgawo ilichukuliwa na masharti ya wanunuzi. Kahawa iliyoanikwa pamoja na maganda yake ilipata bei ndogo kuliko iliyomenywa, kuchachushwa na kuoshwa. Chama cha Bukonzo Joint, kilichoanzishwa Kyarumba mwaka 1999 kwa shughuli za akiba na mikopo, kiliwaongoza wanachama wake kuelekea kahawa iliyooshwa. Kilitumia pia michoro iliyowawezesha hata wasiojua kusoma kuonyesha nani anafanya kazi shambani na nani anashika fedha. Michoro hiyo ilidhihirisha kuwa uchumaji wa matunda mabichi ulitokana kwa sehemu na wanandoa kutoaminiana. Hivyo, suala la ubora likawa pia suala la haki ndani ya kaya, na wakulima wenyewe ndio waliolichora.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1115 ya 2023 inaleta mchoro wa aina nyingine. Inataka mahali halisi pa kila shamba pajulikane, na ithibitishwe kuwa msitu haukukatwa hapo baada ya 31 Desemba 2020. Ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, matayarisho yake yanagusa hasa eneo la mpakani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na soko la Mpondwe linawaunganisha watu wenye lugha na ukoo mmoja. Hata hivyo, kahawa iliyovuka kutoka Kasindi bila taarifa za shamba haiwezi kuchanganywa na iliyosajiliwa. Mpaka ambao Jumuiya inaufungua, mnyororo wa thamani unaufunga.

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, vyama vya wakulima vihifadhi nakala ya ramani na takwimu za wanachama wao, zisibaki mikononi mwa wasafirishaji pekee. La sivyo mkulima hataweza kubadili mnunuzi bila kupimwa upya. Pili, masharti yaandikwe kwa Lukonzo na kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba ya Uganda iliitambua mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili na ambayo tayari hutumika katika biashara ya Mpondwe. Mkulima asiyeweza kusoma sharti hana namna ya kulipinga.